Mshika Wavu wa Earlene

Sitaki kujifanya mwema mbele yako. Jumamosi ile ya kwanza ya Desemba, nilipomwona msichana wa koti la njano ameketi kwenye benchi letu, upande wangu, na wavu wa Earlene umelala magotini mwake, roho iliniuma mpaka nikasahau kuzima gari. Lilikaa pale maegeshoni likinguruma lenyewe hadi Rollie Haas, fundi bomba mstaafu ambaye hakosi bwawani, aliponifuata kuniambia.

Mimi na Earlene Pruitt tulipika pamoja katika jiko la shule kwa miaka ishirini na miwili, na katika bwawa la Bustani ya Fenner, kusini mwa Saint Louis, tumevua pamoja misimu kumi na tisa ya baridi. Waume wamekuja na kuondoka, wake mmoja na wangu wawili, benchi likabaki. Kila Novemba lori la serikali huja na trauti waliofugwa, linateremsha bomba majini, na samaki wanamwagika katikati ya jiji, mkabala na duka la matairi. Trauti hawezi joto. Julai ya Saint Louis ingemchemsha akiwa hai. Kwa hiyo msimu wetu ni huu, wakati watu wenye akili zao wako ndani na blanketi.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Kuanzia Novemba mosi hadi mwisho wa Januari unavua kwa nzi bandia tu, wale wa uzi na manyoya, na kila unayemkamata unamrudisha. Chambo cha kuliwa ni marufuku, kwa sababu trauti hukimeza mpaka tumboni na ndoana inakwenda huko huko, basi unachorudisha majini ni maiti. Februari mosi mlango unafunguliwa. Tia chambo upendacho, beba samaki wanne nyumbani kwako. Asubuhi hiyo mimi na Earlene tunawasha jiko la gesi maegeshoni, tunakaanga trauti wa kwanza kwa unga wa mahindi, tunamla na mkate mweupe na pilipili ya chupa huku vidole vinaungua. Mwaka mzima mimi huishi nikiisubiri asubuhi hiyo moja.

Tena kuna hili la wavu. Pale Fenner kila mtu ana mshika wavu wake. Samaki akishavutwa karibu, wewe umeshikilia ufito wa kuvulia kwa mikono miwili, ukingo ni wa zege na una barafu, basi mwenzako ndiye anayepiga magoti kumwopoa. Mimi nilikuwa mshika wavu wa Earlene na yeye alikuwa wangu. Watu wa bwawani walitutania kwamba sisi tumeoana, na mimi sikukataa.

Sasa nifikirie nimesimama pale na chupa yangu ya kahawa, na vikombe viwili.

Earlene akasema huyu ni Joslyn, anajifunza kuvua, na ana mkono mwepesi. Nikauliza wamejuania wapi. "Huko huko," akasema, macho majini. Nimemjua Earlene tangu nywele zake nyeusi, na hajawahi kunijibu huko huko. Msichana akainuka akanipa mkono. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mashavu mekundu kwa baridi, meno mazuri.

"Bi Lavonne, au nimekaa mahali pako?"

"Kaa tu, mwanangu," nikamwambia. "Benchi ni la manispaa. Anakalia yeyote."

Kile kilikuwa kijembe, na Earlene alikisikia kilipopita, maana alikunja midomo kama alivyokuwa akiikunja mwalimu mkuu alipokuja kulalamikia maharagwe. Adabu ya msichana nayo iliniudhi kupita kiasi. Angekuwa mjeuri ningepata pa kumshika.

Nikaenda kukaa ng'ambo, juu ya sanduku langu, karibu na pampu inayochemsha mapovu ili barafu isifunge maji yote. Upande ule kuna upepo wa barabara kuu na kinyesi cha bata bukini. Nilijua Earlene ataniita. Nikavua saa tatu nzima sikio moja likiwa kwenye benchi, na hakuniita.

Dalili zilikuwepo tangu Septemba, laiti ningezisoma mapema. Alhamisi jioni Earlene alikuwa akija kwangu kufunga nzi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Vidole vyake viliweza kufunga nzi mdogo kuliko punje ya mchele, tena huku anakusimulia umbea wa kanisani na hapotezi mzunguko mmoja wa uzi. Septemba akasema macho yamechoka. Wiki iliyofuata akasema ana mgeni. Baadaye hakutoa hata sababu. Siku alizopita kunisalimu alikaa na glavu mikononi humo humo ndani, na kahawa niliyommiminia ikapoa mbele yake bila kuguswa. Nikajiambia, aha, sasa hata kahawa yangu inamtia kinyaa.

Mume wangu wa pili aliponiacha akahamia kwa mwanamke wa Belleville, mimi ndiye niliyempakia sanduku, na soksi zake nikazikunja. Sikulia. Lakini kwa ajili ya Earlene nililia jikoni Desemba ile, mwanamke wa miaka sitini na nane, nikimwaza yule msichana kama mtu anavyomwaza mke mwenza. Nilijua ratiba ya koti lake. Nilijua anakuja na biskuti za tangawizi, na kwamba Earlene, ambaye miaka yote alisema tangawizi inamchoma koo, anazila.

Kila Jumamosi niliona mambo yale yale. Earlene akitaka kubadilisha kitu kwenye mshipi, msichana anamwinamia, anatupa mgongo sisi wote, anamfanyia yeye. Wanacheka. Earlene anarudisha kichwa nyuma na kucheka kile kicheko cha jikoni, ambacho nilidhani ni mimi tu ninayejua kukitoa. Samaki akija, Joslyn anapiga magoti na wavu. Na samaki walikuja, ndilo lililonikereketa. Ufito wa Earlene ulikuwa umelazwa juu ya kijiti chenye panda, hautikiswi, hauvutwi, na bado aliwapata kuliko sisi sote. Nzi bandia asiyetembea ni uchafu tu majini. Mtoto mdogo anajua hilo.

Rollie alinikuta nimekodoa macho akanicheka. Akaniambia ningekuwa navua kwa macho ningekuwa nimemaliza bwawa.

"Yule anavua kwa nini?" nikamuuliza.

"Anavua kwa bahati, Lavonne. Wewe unavua kwa kijicho. Samaki wanasikia harufu."

Jumamosi ya pili ya Januari nikazunguka bwawa, eti kusalimia. Nilitembea taratibu kwa sababu ya barafu, kwa hiyo hawakunisikia. Msichana alikuwa na kichupa kidogo kiganjani, na ndani yake kulikuwa na unga uliokandwa wa kijani unaong'aa, ule unaonuka jibini na kitunguu saumu. Alikuwa anafinyanga donge dogo kwa vidole viwili. Aliponiona alifunga kichupa akakitia mfukoni mwa koti la njano. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Earlene akasema baridi ya leo ni kali, nikajibu kweli ni kali, nikaendelea na safari yangu.

Donge la chambo. Mbele ya benchi langu, siku ishirini na moja kabla ya Februari.

Ni lazima ujue ninavyolichukia donge. Misimu miwili nyuma mzee mmoja aitwaye Dietz alianza kulitumia kwa siri, nami nikamgundua. Sikumshtaki popote. Nilimbatiza tu jina. Kila alipofika nilimwita kutoka ng'ambo ya maji, "Bwana Donge, habari za jikoni?" na watu wakacheka, na siku nyingine Earlene akanisihi niache, nami nikaongeza. Mwisho Dietz akahama, sijui anavua wapi siku hizi. Nilijivunia jambo lile. Nilisema nimesafisha bwawa.

Juma lile sikulala vizuri. Nilijiambia msichana ni mwizi wa samaki na anamchafua Earlene, mwanamke aliyefundisha nusu ya watu wa bwawani pale kufunga nzi. Nilijiambia Earlene haoni, macho yake yamechoka, alisema mwenyewe. Je, nililiamini hilo? Nusu. Ningeweza kumvuta Earlene kando tukazungumza, hiyo ndiyo njia ya mtu na mwenzake. Lakini kumvuta kando kungemwacha msichana palepale kwenye benchi, na mimi nilitaka aondoke.

Kwenye nguzo ya maegesho kuna bango lenye namba ya kuripoti wavunja sheria. Namba ile naijua kwa kichwa. Ijumaa asubuhi nikapiga, nikasema bwawa la Fenner, kesho asubuhi, msichana wa koti la njano, mfuko wa kulia. Waliponiuliza jina nikasema mimi ni mvuvi tu anayependa sheria. Nilipokata simu nilikaanga mayai matatu nikala yote, na yalikuwa matamu.

Jumamosi iliamka na baridi ya kukata masikio. Maji yaliganda kwenye pete za ufito kila nikirusha mshipi, ikabidi niwe nazipaka mafuta ya midomo na kuzipumulia. Earlene na msichana walifika saa mbili, wakapeana biskuti. Nilikuwa nimevaa vizuri siku hiyo, nakiri. Nilivaa kofia ambayo Earlene aliwahi kunisifia.

Saa nne gari la kijani likaingia maegeshoni. Akashuka bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi wa serikali, kijana mwenye masharubu, mpole. Akaanza na Rollie, akaangalia kibali chake, akaulizia goti lake. Halafu akaenda moja kwa moja kwenye benchi. Nami nikaacha ufito wangu nikazunguka bwawa. Nilitaka niwe karibu. Nilitaka kusikia.

Alimwomba Joslyn avute mshipi wake. Joslyn akauvuta. Mwishoni mwake palikuwa na nzi bandia mdogo mwenye uzi mwekundu, kazi ya Earlene ya zamani, hana donge, hana chochote. Bwana samaki akamshukuru. Akataka kuona kilicho mfukoni, msichana akatoa kichupa bila ubishi. Kisha bwana samaki akageuka.

"Na wako, mama?"

Earlene hakusogea. Ufito wake ulikuwa juu ya kijiti chake. Joslyn akasema upesi upesi kwamba kichupa ni chake, yeye ndiye anayeweka chambo, mama hana habari, aandikwe yeye. Bwana samaki akauliza ufito ni wa nani.

"Mwanangu, usinibebee mzigo," Earlene akamwambia msichana. Kisha kwa yule kijana, "Ufito ni wangu. Donge nimelinunua mimi, yeye ananitilia tu kwenye ndoana. Na sheria yenu naijua tangu wewe unanyonya. Andika."

Mshipi ukavutwa. Donge lilikuwa pale, kijani, limeganda kwenye ndoana.

Sikuelewa. Nakuambia kweli, nilisimama hatua tatu kutoka kwao na nilikuwa bado nasubiri msichana aandikwe. Kijana akaandika kwa sauti ya huruma, akaeleza faini inalipwa wapi, akasema kibali hanyang'anywi kwa kosa la kwanza. Akampa karatasi na kalamu atie sahihi. Ikabidi Earlene avue glavu.

Mkono ulikuwa unatetemeka. Si kutetemeka kwa baridi, huko tunakujua sote. Mkono wote ulikuwa unakwenda na kurudi, kidole gumba kinasugua vidole vingine peke yake, na yeye anautazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akifanya fujo. Kalamu ikaanguka ikabingirika kwenye barafu. Bwana samaki akaiokota. Ikaanguka tena. Rollie akageuka akatazama duka la matairi. Ndipo Joslyn akasogea, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vyake, taratibu, kama kitu anachokifanya kila siku, na mkono ukatulia kidogo. Jina likatoka limepinda, lakini likatoka.

"Tangu lini?" nikauliza.

Earlene alivaa glavu yake kwanza. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia ila msichana.

"Aprili," akasema. "Joslyn anafanya kazi kliniki ninakofanyishwa mazoezi ya mikono. Siwezi kufunga nzi. Siwezi kumrusha wala kumtembeza. Donge unalitupa mara moja, linakaa, nami nakaa. Nilitaka nimalize msimu wangu nikiwa nimekaa hapa, basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Hakupandisha sauti. "Ulimfanya nini Dietz?"

Bwana samaki akaaga. Joslyn akakusanya vitu, akakunja kiti, akabeba fito zote mbili na wavu. Wakaondoka kwa hatua fupi fupi, mkono wa mmoja kwenye kiwiko cha mwingine. Nikabaki na benchi. Siku zote nilizolitaka, ndilo hilo, na sikulikalia.

Siku kumi na mbili nilikaa nyumbani. Nilitunga maneno. Nilikubaliana na nafsi yangu kwamba habari ya simu nitakufa nayo mimi, hakuna anayejua, na kwamba sasa kwa kuwa najua ugonjwa wake, nitamhudumia kiasi kwamba yule msichana hatakuwa na pa kuweka mguu. Unaona? Hata aibu ilikuwa bado haijanifunza. Nilikuwa napanga kushinda.

Alhamisi kabla ya Februari mosi nikaoka keki ya siagi, ile yenye katikati laini anayoipenda, nikaenda kwake. Akafungua mlango, akaniangalia, akaangalia keki, akanipisha. Jikoni kulikuwa na kikombe chenye mfuniko, na vijiko vilivyofungwa mpira kwenye mipini ili vishikike. Akanimiminia kahawa kwa mikono miwili. Nusu ikaingia kikombeni. Nikachukua kitambaa nikafuta meza, naye akaniacha nifute.

Nikaanza hotuba yangu. Nikasema nimeomba radhi kwa Mungu juu ya Dietz na nitamtafuta. Nikasema kuanzia sasa kliniki nampeleka mimi, ufito nambebea mimi, kama ni donge nitalitia mimi na mikono yangu inuke kitunguu saumu mpaka Pasaka. Halafu, kwa kuwa nilitaka tuwe upande mmoja dhidi ya mtu, nikaongeza kwamba huyo aliyepiga simu, awe nani, hana haya.

Earlene akatua kikombe.

"Lavonne, bwana samaki alipofika, watu wote pale walimtazama yeye. Mimi, Rollie, wale wazee wa kule mwisho. Wewe peke yako ulikuwa unamtazama Joslyn."

Nilitafuta uongo na niliupata, nilikuwa nao wawili watatu tayari, lakini yeye alikuwa ananitazama kwa macho yasiyochoka hata kidogo.

"Nilimripoti yeye," nikasema. "Si wewe. Sikujua kama ni wewe."

"Hilo najua. Ndiyo maana nimekufungulia mlango."

"Nilikuwa na wivu, Earlene."

"Wivu wa nini? Mimi mwanamke mzee nimekaa kwenye baridi."

"Wivu wako wewe. Ulikuwa unacheka naye. Ulikuwa unakula tangawizi."

Nilidhani atacheka. Angecheka, ningepona. Alikunja mikono yake miwili kwapani ili itulie, akakaa hivyo.

"Miezi tisa nilikuwa natafuta jinsi ya kukuambia," akasema. "Ninakuja kwako nimejiandaa, natoka nyumbani nayarudia maneno ndani ya gari. Nikifika unamsema mtu. Jirani ana mguu mbovu, unauigiza. Mchungaji kasahau aya, unamwigiza. Nacheka, maana unachekesha, siku zote umenichekesha. Halafu narudi nyumbani na maneno yangu. Nikawa najiuliza nikiondoka tu mlangoni utauigizaje mkono huu."

"Nisingeuigiza."

"Huenda. Lakini sikuwa na hakika, Lavonne. Miaka yote hiyo, na sikuwa na hakika. Joslyn sikumwogopa."

Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akasema yeye Jumamosi anakwenda Fenner kwa sababu ni Februari na donge ni halali, na Joslyn atamshikia wavu. Bwawa si mali yake, nami nikitaka nije. Lakini nikae upande wangu. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema hajui, na kwamba nisimuulize tena, akijua ataniambia.

"Keki iache," akasema nilipoinuka.

Februari mosi nilikwenda. Ningekaa nyumbani ningeota ukungu. Watu walikuwa wamepanga mstari kuzunguka maji, karibu bega kwa bega, na filimbi ilipopulizwa mishipi yote ikaruka pamoja. Mimi nilikaa kwenye sanduku langu kwenye kinyesi cha bata, nikavua kwa nzi, sina wa kunishikia wavu, nikampoteza mmoja mkubwa ukingoni kwa sababu mikono ni miwili tu. Rollie alikuwa karibu na hakuja, na sikumwita.

Upande wa pili Earlene alipata wa kwanza dakika chache tu baada ya filimbi. Nilimwona Joslyn akipiga magoti. Nilimwona Earlene akiinua mkono wake unaotetemeka juu ya kichwa, hauna glavu, mbele ya watu wote, na watu wakampigia makofi. Nilipiga makofi nami. Hakuna aliyenisikia, kulikuwa na magari. Na kama unadhani wivu ulikuwa umekwisha moyoni mwangu kwa kuwa nimetubu, hujawahi kuwa nao. Ulikuwepo, mzima kabisa, ila sasa ulikuwa hauna pa kwenda.

Wakawasha jiko maegeshoni. Harufu ya unga wa mahindi ikavuka maji. Nilijifanya nashughulika na pete za ufito, nazipaka mafuta na kuzifuta, nazipaka tena. Baada ya muda nikasikia viatu kwenye barafu, nikaona koti la njano. Joslyn alikuwa ameshika sahani ya karatasi, amekunja kitambaa juu yake isipoe. Trauti nusu, vipande viwili vya mkate mweupe, pilipili pembeni.

Nikasimama.

"Earlene ndiye aliyenitumia?"

Angeweza kusema ndiyo. Ni mtu wa huruma, na nilimwona anavyolipima neno lile mdomoni. Lakini alikuwa ameshakaa bwawani na sisi msimu mzima, na nadhani alikuwa amechoka na mambo ya kufichana.

"Hapana, Bi Lavonne," akasema. "Yeye hajui. Nimeleta mwenyewe, nimeona una baridi."

Nikapokea sahani. Nikamshukuru, nikamwita kwa jina lake, mara ya kwanza tangu Desemba. Alikwenda zake akinyata kwenye barafu, na nilimtazama mpaka alipofika kwenye benchi na kuketi upande wa kulia wa Earlene, ambaye hakugeuka. Nikala nimesimama. Samaki alikuwa amekaangwa vizuri, unga haukuungua popote, chumvi ilikuwa imekolea sawasawa, vizuri kuliko nilivyowahi kumkaanga mimi. Nikammaliza.